Somo: Kupokea vijana wa nje majumbani kwetu kwa wiki tatu, hatua kwa hatua

Habari zenu ndugu wanachama. Wengi mmeniomba niandike jinsi tunavyoendesha programu yetu ya kubadilishana vijana hapa Mbeya, hasa wenzetu wa Iringa na Njombe mlio mbioni kuanzisha ya kwenu. Niseme mapema: mambo ya matembezi, mabasi na fulana nitayapita haraka, maana hayo hayajawahi kutuangusha. Kila tulipoanguka, chanzo kilikuwa nyumba ambayo hatukuiandaa vizuri.

Hatua ya 1: Makubaliano na upande wa pili (miezi 10 hadi 12 kabla)

Yaandikwe. Idadi ya vijana (sisi hatuzidishi 12, na viongozi wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume), umri wao, tarehe, nani analipa nini, bima ya afya, na lini vijana wetu nao watakwenda kwao. Hilo la mwisho msikubali liachwe kwa "tutaona". Wao wakija kila mwaka na wetu wakabaki kuwapungia mikono stendi, neno kubadilishana halina maana tena. Vijana wetu waanze na cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), kisha pasipoti, ambayo ada yake ni shilingi 150,000. Jina likikosewa herufi moja kwenye cheti, miezi inaliwa na marekebisho. Wanaokwenda nchi za Schengen (nchi nyingi za Ulaya zinazotumia viza moja) watadaiwa pia bima ya safari isiyopungua euro 30,000.

Likizo yetu ya Juni na Julai ndiyo inayokutana na likizo ya kiangazi ya Ulaya. Sasa Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mnajua baridi ya miezi hiyo. Mtoto wa kizungu akisikia anakwenda Afrika anafungasha kaptula na ndala. Mwandikieni kwa herufi kubwa: sweta mbili, soksi, koti. Na msimwahidi maua ya Hifadhi ya Kitulo mwezi wa saba. Maua ni ya masika, Julai atakuta nyasi kavu na upepo.

Hatua ya 2: Karatasi

Viza ya kawaida inaombwa kwa mtandao wa Uhamiaji, dola 50, na kwa Wamarekani dola 100. Viza hiyo ni ya matembezi. Kama ratiba yenu ina kufundisha darasani au kujenga choo cha shule, hata kwa kujitolea, nendeni ofisi ya Uhamiaji ya mkoa mkaulize kibali kinachohitajika kabla hamjatuma mwaliko. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano hadaiwi anayetoka Ulaya moja kwa moja, ila akisubiri ndege zaidi ya saa 12 kwenye kiwanja cha nchi yenye ugonjwa huo, Addis Ababa kwa mfano, anadaiwa. Kwa hiyo someni tiketi zao kabla hawajazilipia. Mtendaji na mwenyekiti wa mtaa wapewe barua yenye majina ya wageni na nyumba watakazolala, na mjumbe naye ajulishwe.

Hatua ya 3: Kuchagua familia

Hapa msiharakishe. Hatubandiki tangazo, tunauliza majirani, walimu, viongozi wa dini, halafu tunakwenda wenyewe mara mbili. Mara ya kwanza kwa miadi. Mara ya pili bila taarifa, saa moja jioni, kwa sababu ndipo utakapojua nani analala humo kweli.

Mimi naangalia kitu kimoja kabla ya vyote: saa kumi alasiri nani yupo nyumbani? Tumewahi kuiacha nyumba ya vigae na geti la umeme kwa sababu baba na mama wanarudi saa tatu usiku, na mgeni angebaki na dada wa kazi na runinga. Tukachukua nyumba ya Uyole, vyumba vitatu, choo cha nje kisafi, bibi yupo, wajukuu wapo, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Kijana aliyekaa pale alijifunza kukamua, na siku ya kuondoka alikwenda kumuaga ng'ombe kwanza.

Vya lazima: kitanda chake mwenyewe, mlango wenye kitasa kinachofunga kwa ndani, choo na bafu vinavyofungika, chandarua, maji ya kunywa yaliyochemshwa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, kwa hiyo walio chini ya umri huo tunawapanga wawili wawili wa jinsia moja. Watu wazima wote wa nyumba, wapangaji wakiwemo, tunawajua kwa majina na wanasaini kanuni za ulinzi wa mtoto. Asiyetaka kusaini, nyumba hiyo tunaiacha, hata kama ni ya rafiki yetu.

Na jiko la mkaa. Tafadhalini sana. Kwetu huku usiku wa Julai mtu mwenye huruma anamwingizia mgeni jiko chumbani apate joto, kisha anafunga dirisha. Mkaa unaowaka chumba kikiwa kimefungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na aliyelala haamki. Mwambieni kila mama kwa mdomo, na rudieni: blanketi la tatu, ndiyo, chupa ya maji ya moto, ndiyo, jiko chumbani, hapana.

Hatua ya 4: Fedha

Kuna wanaoona aibu kuzungumza fedha na familia, kwa kuwa ukarimu hauuzwi. Ukarimu hauuzwi, lakini mayai yananunuliwa. Tunakaa na akina mama watatu, kalamu mkononi, tunapiga hesabu ya siku moja kwa bei za sokoni Mwanjelwa: mkate, mayai, mafuta, mchele, mkaa, umeme, maji. Kiasi kinachopatikana kinakuwa sawa kwa nyumba zote. Nusu inatolewa kabla mgeni hajafika na nusu wiki ya pili, kwa kusaini. Mwaka mmoja upande wa pili walichelewesha fedha, na mama zetu wakakopa dukani mpaka jina la programu likawa gumzo la mtaa. Tangu hapo, fedha ya familia isipoingia mwezi mmoja kabla, hatupokei kundi.

Hatua ya 5: Kikao cha familia

Siku moja nzima, wiki mbili kabla, na aje anayepika, si baba peke yake. Nawasimulia kisa hiki kila mwaka. Usiku wa kwanza wa kundi letu la pili, saa tatu, mama mmoja alinipigia: "Mwalimu, njoo. Mtoto amenuna, amejifungia." Nikaenda. Nilimkuta mama amekaa kwenye kigoda, sufuria ya wali bado imefunikwa, kitenge amekishika kwa mikono miwili. Nikagonga mlango. Binti alikuwa amejifunika blanketi, anaandika kwenye daftari, anatabasamu. Alikuwa amechoka na safari, na kwao mtu akitaka kupumzika hufunga mlango. Kwetu mlango uliofungwa mgeni akiwa ndani ni kauli nzito. Mama alikuwa amekaa saa nzima akijiuliza amekosea wapi.

Basi kwenye kikao tunayasema haya waziwazi: mlango uliofungwa si hasira, "hapana asante" mezani si dharau, asiyemwamkia bibi hajafundishwa, afundishwe "shikamoo" siku hiyo hiyo, na "ndaga" (asante) kama nyumba ni ya Kinyakyusa au salamu ya "kamwene" kama ni ya Kihehe. Wageni nao tunawafundisha kuoga kwa ndoo na kopo, kwamba maji ya moto yamepashwa na mtu, na kwamba kuondoka nyumbani bila kuaga kunaumiza.

Hatua ya 6: Siku za mwanzo

Kutoka Dar es Salaam msiwalete kwa basi siku moja wakiwa na uchovu wa ndege. Walale Iringa, wapande mwamba wa Gangilonga asubuhi, waone zana za mawe za kale Isimila, kisha waendelee. Siku mbili za kwanza Mbeya hakuna ratiba. Siku ya tatu tunafuata wahenga, mgeni anapewa jembe: kila kijana anachagua kazi moja ya nyumbani na kuifanya kila siku. Kuchambua mchele, kufagia uwanja, kuchota maji. Aliyekaa kama mgeni wiki tatu anarudi kwao na picha tu.

Hatua ya 7: Dharura

Simu moja isiyozimwa. Kila kijana awe na kadi ya Kiswahili yenye jina la familia, mtaa na namba. Polisi ni 112, huduma ya simu kwa watoto ni 116, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Bodaboda ni marufuku kwa wageni wetu, bila mjadala. Mkishuka Kyela au Matema, malaria ipo. Homa yoyote ipimwe siku hiyo hiyo, na waambiwe wapime hata homa ikija wiki kadhaa baada ya kurudi kwao.

Maswali ya wanachama

*Njombe: Mgeni wangu hali nyama kabisa. Naona aibu kumpa maharage kila siku.*
Usione aibu dada yangu. Njegere, viazi, mayai kama anakula, maziwa, ndizi za nazi, parachichi, makande yasiyo na nyama. Muulize kuhusu mchuzi pia, maana wengine hawali hata uliopikiwa nyama. Na jogoo wa kumkaribisha usimchinje kabla hujasoma fomu yake.

*Iringa: Huku kwetu ulanzi, pombe ya mianzi, ni kinywaji cha kila nyumba. Wageni wa miaka 17 wakitaka kuonja?*
Wasipewe. Ulanzi mpya ni mtamu, mtu anaunywa kama juisi, lakini unaendelea kuchachuka na kileo kinapanda. Wapeni togwa, na muwaonyeshe mianzi inavyogemwa.

*Tukuyu, mama mwenyeji: Shikamoo mwalimu. Mgeni hataki kwenda kanisani. Nimwache peke yake?*
Marahaba mama. Mkaribishe mara moja, usimlazimishe. Asibaki peke yake. Panga na jirani au nipigie, Jumapili tuna kiongozi anayekaa na vijana wa namna hiyo.

*Mbeya: Ni wakati gani mnamhamisha mgeni nyumba?*
Akisema haoni usalama, anahama usiku huo huo, maswali baadaye. Ikiwa ni upweke au chakula, tunakaa na pande zote, tunangoja siku tatu. Mara nyingi inatengemaa. Ndiyo maana tunaweka familia mbili za akiba, zilizokaguliwa kama nyingine.

*Iringa: Kijana aliyekaa kwetu alimwahidi mwanangu kumlipia ada. Amerudi kwao miezi minne, kimya. Mtoto anauliza kila siku.*
Pole sana kaka. Yule kijana alisema kwa moyo, lakini ana miaka 16 na hana fedha zake. Mwambie mwanao ukweli huo leo, asiendelee kungoja. Mwandikie mratibu wa kwao, si kumdai mtoto, bali ajue lililotokea. Sisi sasa wageni wanasaini kwamba hawataahidi ada, simu wala safari kwa mtu mmoja mmoja. Anayetaka kusaidia anapitia mfuko wa pasipoti za vijana wetu, na familia zote zinasomewa hesabu zake kwenye kikao cha kufunga.