Gari la zamani likisita mlimani, pima presha kabla hujanunua pampu

Mteja akiniletea gari linalosita hapa Mabatini, Mwanza, namuuliza kitu kimoja kabla sijafungua boneti: linasita lini? Wengi hawajibu hilo. Wanasema, "Fundi, pampu ya mafuta imekufa, niwekee nyingine." Huyo ameshashauriwa kijiweni. Pampu ikifa kweli gari haliwaki, na hapo huhitaji fundi akuambie. Inayosumbua ni pampu iliyochoka, na dalili zake zinafanana sana na za filta iliyoziba, waya uliooza, kifuniko cha tanki kisichopumua, hata plagi. Pampu ndiyo ghali kuliko vyote hivyo, basi iwe ya mwisho kushukiwa.

Kwanza liendeshe mwenyewe. Unahitaji mlima na barabara tambarare, na Mwanza hatujanyimwa chochote kati ya hivyo. Mimi napanda Bugando asubuhi mapema, kabla watu wa hospitali hawajajaa njiani, kisha naenda kulinyoosha barabara ya uwanja wa ndege nikishapita Pasiansi. Sikiliza mguu wako. Gari likijikwaa pale pale unapogusa mafuta, halafu likashika na kwenda vizuri, mafuta ya kutosha yanafika. Kinachokosekana ni kile kidogo cha mwanzo, au kuna hewa inaingia isikotakiwa. Likianza vizuri, kisha katikati ya mlima likalegea kana kwamba mtu kalishika kwa nyuma, ukiachia linapumua, ukikanyaga linaenda hatua chache na kulegea tena, hilo lina njaa ya mafuta. Na likikata kwa kushtuka, huku egzosi inapiga risasi, achana na mafuta kwanza: kagua plagi, waya zake, kifuniko cha distribyuta na koili. Tazama injini usiku ikiwa inaunguruma, boneti wazi. Waya unaovujisha moto utauona unamulika.

Kuna pia magari yanayosita tanki likishuka chini ya robo tu. Hapo fikiria uchafu au maji chini ya tanki. Sisi wa kando ya ziwa hewa yetu ina unyevu, na tanki linalokaa nusu tupu siku nyingi hukusanya maji na kuota kutu kwa ndani. Chota petroli kidogo kutoka chini, weka kwenye chupa nyeupe, iache itulie. Maji yatakaa chini, petroli juu, utaona mstari. Na kama wewe ni mtu wa Igombe au Kayenze na gari lilianza kusita baada ya kumiminiwa kidumu cha mashine ya mtumbwi, usihangaike sana. Mashine nyingi za mitumbwi hutumia petroli iliyochanganywa oili. Gari litatoa moshi na plagi zitachafuka, lakini pampu haina kosa.

Jaribio lisilogharimu kitu: gari likianza kulegea, simama pembeni mahali salama na ufungue kifuniko cha tanki. Ukisikia hewa inavutwa ndani kwa nguvu, halafu gari likaondoka vizuri, kifuniko kimeziba tundu lake la kupumulia. Mafuta yanatoka, hewa haiingii kushika nafasi yake, na pampu inashindwa kuvuta.

Kwa gari la kabureta, toa kifuniko cha hewa, injini ikiwa imezimwa, mulika tochi kwenye koo la kabureta na usukume kwa kidole ule mkono wa kuongezea mafuta. Unatakiwa uone mshale wa petroli unaruka papo hapo. Ukichelewa, ukiwa dhaifu au usipotoka, kile kipira cha pampu ndogo ya ndani kimekauka au tundu lake limeziba, na umeshapata sababu ya gari kujikwaa kila unapogusa mafuta. Kama shida ni ya mlimani, chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, chomoa waya wa katikati wa koili na uuegemeze kwenye bodi ili injini isiwake, kisha mwenzako apige stata. Petroli itoke kwa mapigo yenye nguvu. Ikichuruzika tu, rudi nyuma: filta, mipira iliyopasuka inayovuta hewa, ndipo ngozi ya ndani ya pampu.

Magari ya EFI (yasiyo na kabureta, petroli hupulizwa kwa umeme) ndiyo yanayokula pesa za watu bure, kwa sababu pampu imo ndani ya tanki, haionekani, na kila mtu anaisingizia. Huku kubahatisha hakuna kazi; tafuta geji ya presha, hata ya kuazima. Kabla hujalegeza chochote, toa presha iliyomo kwenye bomba. Injini ikiwa inaunguruma, chomoa plagi ya umeme ya pampu (kwenye saluni nyingi utaifikia kwa kunyanyua kiti cha nyuma), iache izime yenyewe, piga stata kidogo, kisha toa hasi ya betri. Funika unapofungua kwa tambara. Na kama jirani yako ni mama lishe mwenye jiko la mkaa, sukuma gari mbali naye kwanza. Mwombe radhi ukitaka, lakini sukuma.

Funga geji kwenye njia ya mafuta baada ya filta, tumia washa (ringi za kuzuia kuvuja) mpya, rudisha plagi ya pampu na betri. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya 1990 kuna kiboksi chini ya boneti kimeandikwa DIAGNOSIS. Washa swichi bila kupiga stata, unganisha B+ na FP kwa kipande cha waya, na pampu itazunguka injini ikiwa imelala. Usikosee tundu, soma maandishi yaliyo ndani ya kifuniko. Kwenye Corolla zenye injini ya 4A-FE, presha inatakiwa iwe PSI 38 hadi 44. Injini ikiunguruma silensa (bila kukanyaga mafuta), na ule mpira mwembamba wa hewa wa regyuleta, kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta, ukiwa mahali pake, itashuka hadi kati ya 30 na 37. Ukizima, ibaki angalau 21 kwa dakika tano. Gari la aina nyingine lina namba zake, usilazimishe hizi.

Presha ikiwa chini, bana taratibu mpira laini unaorudisha mafuta tankini, kwa sekunde chache tu. Sindano ikipanda haraka, pampu ina nguvu na regyuleta ndiyo inayoachia mafuta ovyo. Chomoa pia ule mpira mwembamba wa hewa: ukikuta petroli ndani yake, regyuleta imepasuka, na ndiyo maana gari linakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi. Sindano isipopanda, badilisha filta kwanza, upime tena.

Bado chini? Chukua mita upime volti kwenye plagi ya pampu, pampu ikiwa inazunguka. Ukipima waya uliochomolewa utasoma volti nzuri na kudanganyika. Ikipungua zaidi ya volti moja hivi chini ya betri, shika waya, rilei na mahali ethi inapofungwa kwenye bodi. Kutu ya hapo peke yake inatosha kulegeza pampu nzima. Volti nzuri, filta mpya, mipira mizima na presha bado haifiki, sasa ndiyo toa pampu, uangalie na kile kichujio cha chini yake. Mara nyingine kimejaa tope na pampu yenyewe ni nzima.

Presha ikiwa sawa hata gari linapolegea (funga geji uione kwenye kioo cha mbele, mwenzako aendeshe), acha mafuta. Tafuta mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya mkao wa throtli (mlango wa hewa unaofunguliwa na pedali), na moto wa plagi.

Ukifunga filta mpya, mshale uelekee injini, zungusha pampu kwa ule waya wa B+ na FP na upapase kila kiungo kabla hujawasha. Ile ya zamani usiitupe. Imwage kinyume, kwa upande wa kuingilia, kwenye sahani nyeupe. Ukiona unga wa kutu, tanki lishushwe lioshwe, la sivyo hiyo mpya itaziba kama mwenzake.