Hewa ukaa katika chumba cha mwanga: kosa linalowagharimu wakulima wa mamama

Wakulima wa uyoga wa mamama (oyster) wanaponiita bandani kwao huniuliza swali lile lile: kwa nini uyoga umetoka na shina refu, jembamba, na kofia ndogo kama kifungo cha shati, ilhali mbegu ilikuwa nzuri, majani yalichemshwa ipasavyo na maji hunyunyizwa kila siku? Mara nyingi jibu hulikuta kabla sijaingia ndani. Madirisha yamezibwa kwa nailoni, chini ya mlango pamesukumwa gunia, na matundu ya juu ya ukuta yamejazwa matambara. Mkulima amefanya hayo kwa nia njema ya kulinda unyevu, lakini kwa kuziba hivyo amewafungia uyoga wake na hewa chafu wanayoitoa wenyewe.

Uyoga hauna rangi ya kijani ya majani na hautumii hewa ukaa kujitengenezea chakula. Huvuta oksijeni na kutoa hewa ukaa, kama ng'ombe aliye zizini, mchana na usiku. Nalisisitiza hili kwa sababu wapo waliosoma kwamba wakulima wa nyanya wa Uholanzi huongeza hewa ukaa kwa makusudi ndani ya vitalu nyumba vyao, hadi sehemu 800 au 1,000 katika kila sehemu milioni za hewa, kipimo kinachoandikwa ppm. Ni kweli hufanya hivyo, na nyanya penye mwanga wa kutosha hufaidika. Kwa uyoga, shabaha yetu ni kuitoa.

Hewa ya nje ina takriban ppm 420. Katika chumba cha giza, utando (nyuzi nyeupe za uyoga) unapotambaa ndani ya mfuko wa majani yaliyopandwa mbegu, kiwango kikipita hata 5,000 hakuna hasara, kwa kuwa utando huvumilia hewa nzito. Kosa huanzia hapa: mkulima huhamisha mifuko kwenda chumba cha mwanga, ambako uyoga huchipua, pamoja na mazoea ya chumba cha giza. Tangu siku unayochana mifuko ili uyoga utokee hadi siku ya kuvuna, kiwango kinatakiwa kibaki chini ya 1,000. Kikizidi, shina hurefuka kwa kutafuta hewa safi na kofia hudumaa. Kikizidi sana, uyoga huota matawi kama matumbawe bila kofia yoyote. Ndiyo maana pia si sahihi kuchanganya mifuko ya hatua hizi mbili katika chumba kimoja, kwa sababu mifuko ambayo utando bado unatambaa hutoa hewa ukaa na joto jingi na kuwaharibia wenzao waliokwisha kuchanwa.

Mkulima akiona kofia zimedumaa, hudhani maji hayatoshi na huongeza kunyunyizia. Hewa ikiwa imetuama, maji hayo hukaa juu ya kofia usiku kucha, bakteria huingia, na asubuhi hukuta madoa ya manjano yanayoelekea kahawia, uyoga ukiteleza mkononi. Sasa ana matatizo mawili badala ya moja.

Namna ya kupima inahitaji uangalifu. Nunua kifaa kinachopima hewa ukaa yenyewe kwa mwanga wa infraredi, na umwombe muuzaji akuonyeshe jambo hilo katika maelezo ya kifaa. Vipo vidude vya bei nafuu vinavyonusa mvuke wa aina nyingine na kukadiria tu kiwango cha hewa ukaa, navyo ndani ya banda la uyoga hupotosha kabisa. Kwanza kiweke nje, mahali pa wazi, kwa muda ulioelekezwa. Kisiposoma karibu na 420, kirekebishe kabla ya kukiamini. Kisha kitundike usawa wa katikati ya mifuko, mbali na mlango na dirisha. Pima alfajiri, saa 11 au saa 12, kabla hujafungua chochote, maana hapo ndipo utakapoona kilichojikusanya usiku mzima. Wala usikisogelee na kukipumulia: pumzi ya binadamu ina takriban ppm 40,000. Nimemwona mkulima akiinamia kifaa, namba zikipanda mbele ya macho yake, naye akiwalaumu uyoga.

Tafadhali acheni kupima kwa mshumaa. Mshumaa huzimika pale tu oksijeni inapopungua mno. Katika ppm 3,000, kiwango ambacho uyoga wako umeshaharibika, utawaka vizuri kabisa na kukudanganya.

Sasa kuhusu kubadilisha hewa. Kufungua dirisha nusu saa asubuhi na kulifunga siku nzima hakutoshi, kwa sababu uyoga haupumui nusu saa. Hewa yote ya chumba cha mwanga inatakiwa ibadilishwe angalau mara 4 hadi 6 kila saa. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.5: kina mita za ujazo 30, hivyo kwa mara 6 kinahitaji mita za ujazo 180 kwa saa. Feni ya kutolea hewa iliyoandikwa mita za ujazo 360 kwa saa itafanya kazi hiyo ikiwashwa dakika 5 na kupumzika dakika 5, usiku na mchana. Ikiwa feni imeandikwa futi za ujazo kwa dakika, zidisha kwa 1.7 upate mita za ujazo kwa saa. Wavu wa kuzuia inzi hupunguza nguvu ya feni, basi ongeza muda wa kuwaka na usafishe wavu kila wiki.

Asiye na umeme aache matundu ya chini na ya juu wazi wakati wote, yamefunikwa wavu tu, ili hewa yenye joto itokee juu na hewa safi iingie chini, kisha afungue madirisha yote kila baada ya saa chache, hasa alfajiri na jioni. Saa 7 hadi saa 9 mchana, upepo wa joto unapokausha, fungua kwa muda mfupi mfupi lakini mara nyingi zaidi.

Unyevu wa asilimia 85 hadi 90 utaulinda kwa kutundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya matundu ya chini na kumwagia sakafu maji. Fungua hewa kwanza, nyunyizia baadaye, na usifunge mara baada ya kunyunyizia; kofia zinatakiwa zikauke juu ndani ya saa mbili hivi.

Kwa wakulima wa Njombe, Makete na Mafinga, ambako usiku ni baridi: msiingize jiko la mkaa ndani ya banda. Mbali ya kuongeza hewa ukaa, mkaa hutoa kaboni monoksaidi isiyo na harufu, nayo huua watu. Hata bila jiko, ukiingia alfajiri ukahisi kichwa kizito, toka nje, fungua kila kitu, na usubiri kabla ya kurudi.

Shina likisharefuka halirudi, kwa hiyo usingoje uyoga huo upone. Uvune wote, safisha mabaki yaliyobaki kwenye mifuko, na urekebishe hewa mara moja, kwa kuwa mkupuo (awamu ya uyoga) unaofuata huanza kuchipua siku 7 hadi 10 baadaye, na umbo lake huamuliwa tangu vichipukizi vikiwa bado vidogo kama vichwa vya pini. Hewa ikiwa sawa, kofia zitakuwa pana na mashina mafupi.