Kuingiza na Kuhariri Video za Kamera ya AVCHD kwenye Kompyuta

Kamera ndogo za video zinazorekodi kwa mfumo wa AVCHD, ambao kampuni za Sony na Panasonic ziliutangaza mwaka 2006, bado zina kazi nyingi mikononi mwa wapiga video wa harusi, mahafali na mikutano, kwa kuwa lenzi zake huvuta mbali na bei yake ya mtumba si kubwa. Lawama nyingi zinazoelekezwa kwenye programu za kuhariri, kama vile sauti inayorukaruka, picha yenye mistari au kompyuta inayokwama, huanza mapema zaidi, wakati mafaili yanapohamishwa kutoka kwenye kadi na wakati mradi unapofunguliwa kwa mara ya kwanza. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unatumia nafasi kubwa kwenye hatua hizo mbili.

Ukiichomeka kadi kwenye kompyuta utakuta folda iitwayo PRIVATE, ndani yake AVCHD, kisha BDMV, na ndani ya BDMV kuna folda tatu muhimu: STREAM, CLIPINF na PLAYLIST. Video zenyewe ni mafaili ya STREAM yenye majina kama 00000.MTS na 00001.MTS. Katika kompyuta za Mac muundo huu wote huweza kuonekana kama faili moja tu, na ili kuingia ndani inabidi ubofye kwa kitufe cha kulia na kuchagua kuonyesha yaliyomo. Watu wengi wakishaona mafaili ya MTS huyachukua hayo peke yake na kuacha mengine, kwa hoja kwamba yaliyobaki ni madogo na hayachezi. Hiyo ni njia mbaya, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa kirefu.

Kadi za SDHC, yaani zile za hadi GB 32, hupangwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo haukubali faili moja kufikia GB 4. Video ya AVCHD yenye ubora wa megabiti 24 kwa sekunde hula takriban MB 180 kwa dakika, sawa na karibu GB 10.8 kwa saa. Kwa hiyo ukiiacha kamera irekodi ibada au hotuba mfululizo kwa saa moja, yenyewe italikata faili vipande vipande, kamera nyingine kila GB 2 na nyingine karibu na GB 4, bila kukuarifu lolote. Taarifa zinazosema kwamba 00007.MTS, 00008.MTS na 00009.MTS ni rekodi moja hazimo ndani ya vipande hivyo. Zimo katika CLIPINF na PLAYLIST. Vilevile mkato huo haujali sauti imefika wapi: pakiti ya sauti, yaani fungu dogo la data ya sauti, inaweza kuanzia mwishoni mwa kipande kimoja na kumalizikia mwanzoni mwa kinachofuata. Ukiviweka vipande hivyo kimoja kimoja kwenye meza ya kuhariri, programu hutupa pakiti iliyokatika, na hapo ndipo husikika mruko mdogo wa sauti, wakati mwingine katikati kabisa ya neno "nakubali" la bibi harusi.

Basi kadi inakiliwa nzima, kuanzia folda ya PRIVATE, bila kubadilisha jina la faili lolote lililomo. Ukishaitoa kwenye kamera, kabla ya kuiweka kwenye kompyuta, sukuma kile kitufe kidogo cha pembeni ili kadi ifungwe isiweze kuandikwa. Kompyuta yenye virusi, au programu ya picha inayopenda kupangapanga vitu, haitaweza kugusa kitu. Kisoma kadi ni bora kuliko waya wa USB wa kamera, kwani waya huo unahitaji kamera iwe imewashwa muda wote, na betri ikiisha katikati ya kunakili utalazimika kuanza upya.

Kila kadi iwe na folda yake, hata kama kadi zote ni za shughuli moja. Jambo hili si la unadhifu tu. Kamera nyingi huanza kuhesabu tena kutoka 00000 kila kadi mpya inapowekwa, kwa hiyo ukimimina kadi mbili kwenye folda moja, kompyuta itakuuliza kama unataka kubadilisha mafaili yenye majina yanayofanana, na mtu mwenye haraka akibonyeza ndiyo amekwisha kupoteza nusu ya sherehe. Jina kama 2025-06-14_Mahafali_KameraA_Kadi1 linatosha, na kwa kutanguliza mwaka folda zako zitajipanga zenyewe kwa tarehe. Baada ya kunakili, linganisha idadi ya mafaili na jumla ya ukubwa wake kwenye kadi na kwenye diski, kisha fungua klipu ya kwanza, ya katikati na ya mwisho. Nakala ya pili iwekwe kwenye diski nyingine, si kwenye folda nyingine ya diski ileile.

Diski ya nje utakayoitumia isiwe ya FAT32. Mfumo wa exFAT husomwa na Windows na Mac vilevile, na hauna kikwazo cha GB 4, jambo ambalo utalihitaji katika hatua inayofuata.

Hatua hiyo ni ya kuunganisha vipande. Programu iliyotolewa pamoja na kamera, kwa mfano PlayMemories Home ya Sony au HD Writer ya Panasonic, husoma muundo mzima wa kadi na kuunganisha yenyewe rekodi zilizokatwa. iMovie na Final Cut Pro, programu za kuhariri za Mac, nazo huutambua muundo huo, mradi umewapa folda kamili. Kdenlive na Shotcut, ambazo ni za bure na zinawafaa sana wenye kompyuta za kawaida, zenyewe huona mafaili tu. Ukitumia hizo, unganisha vipande kwanza. Katika Windows fungua dirisha la amri ndani ya folda ya STREAM ya nakala yako ya kazi, uandike:

copy /b 00007.MTS+00008.MTS+00009.MTS hotuba.MTS

Katika Mac au Linux amri ni hii:

cat 00007.MTS 00008.MTS 00009.MTS > hotuba.MTS

Njia hii inawezekana kwa sababu MTS ni mkondo wa pakiti zinazofuatana, hivyo kuviambatanisha vipande kunairudisha rekodi kama ilivyokuwa kabla ya kukatwa, na hakuna ubora unaopotea. Usiifanye kwa klipu zilizorekodiwa mbali mbali. Vipande vya rekodi moja utavitambua kwa ukubwa: vyote isipokuwa cha mwisho hukaribiana na kikomo cha kamera. Ukimaliza, sikiliza kila mahali vipande vilipoungana.

Huenda pia ukakuta kwamba picha inaonekana lakini sauti haipo. Chanzo mara nyingi ni sauti ya Dolby AC-3, ambayo kamera nyingi za AVCHD huitumia na ambayo si kila programu ya kuhariri huikubali. Hapo programu ya FFmpeg, ambayo nayo huendeshwa kwa kuandika amri, inasaidia, kwa kubadilisha sauti peke yake na kuiacha picha kama ilivyo:

ffmpeg -i hotuba.MTS -c:v copy -c:a pcm_s16le hotuba.mov

Wanaotumia toleo la bure la DaVinci Resolve kwenye Linux wajue kwamba tatizo lao ni kubwa zaidi, kwani toleo hilo halifungui picha za H.264 kabisa, na H.264 ndiyo kodeki, yaani njia ya kubana picha, ya AVCHD. Kwao ni rahisi zaidi kutumia Kdenlive kuliko kubadilisha kila kitu.

Sasa tuje kwenye mradi wenyewe. Mipangilio ya mradi ifuate video, si video ifuate mipangilio. Kamera zilizouzwa kwa soko la nchi za umeme wa hezi 50, zikiwemo Tanzania na Kenya, hurekodi pikseli 1920 kwa 1080 kwa fremu 25 kwa sekunde, na katika hali yake ya kawaida kila fremu imeundwa na nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati mbili tofauti: nusu moja ina mistari ya shufwa, nyingine ina ya witiri. Hali hii huandikwa 50i. Toleo la pili la AVCHD, lililotoka mwaka 2011, liliongeza 50p, yaani fremu 50 kamili kwa sekunde, kwa kiwango cha hadi megabiti 28. Kamera iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani itakuwa na 60i au 60p badala yake, na ukiipiga chini ya taa za hezi 50 picha itapepesa. Dawa ni kuweka kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha hupokea mwanga, kwenye 1/100 ya sekunde wakati wa kurekodi. Kuondoa mpepeso huo baadaye kwenye kompyuta ni kazi ndefu yenye matokeo ya wasiwasi. Kama shughuli moja ilipigwa kwa kamera za aina zote mbili, chagua kasi ya ile iliyorekodi sehemu kubwa, nyingine itabadilishwa na programu na mwendo wake utakwamakwama kidogo, hasa kamera inapozungushwa.

Katika Kdenlive ukiburuta klipu ya kwanza kwenye mradi mtupu, programu hujitolea kubadilisha mipangilio ilingane nayo; kubali, kisha hakikisha. Baadhi ya kamera, zikiwekwa kwenye ubora wa chini, hurekodi pikseli 1440 kwa 1080 zenye umbo pana. Sura za watu zikionekana nyembamba, programu haijalitambua umbo hilo, na utalirekebisha kwenye sifa za klipu.

Ili kujua kama unazo nusu-fremu, simamisha video mahali ambapo mkono au gari linapita kwa kasi. Ukiona kingo zake zina meno kama ya kitana, ni 50i. Televisheni huyaficha meno hayo, lakini simu na intaneti huyaonyesha, kwa hiyo lazima yaondolewe mahali fulani kabla ya faili la mwisho. Njia ya haraka ni kuiacha programu ifanye hivyo wakati wa kutoa video ya fremu 25, na kwa hotuba inatosha. Kwa ngoma, michezo au chochote chenye mwendo, ninapendelea kugeuza kila nusu kuwa fremu kamili na kupata fremu 50 kwa sekunde, kwa sababu mwendo unabaki laini kama kamera ilivyouona:

ffmpeg -i ngoma.MTS -vf bwdif=mode=send_field -c:v libx264 -crf 16 -c:a pcm_s16le ngoma.mov

Faili litakuwa kubwa na kazi itachukua muda, pengine usiku mzima kwa kompyuta dhaifu. Ukiulizwa na programu nusu ipi inatangulia, AVCHD huanza na ya juu. Kanda za zamani za DV ndizo zilizoanza na ya chini, na kuzichanganya hufanya picha itetemeke mbele na nyuma.

Kuhusu kompyuta kukwama, watu hushangaa kwamba faili dogo la AVCHD linaielemea mashine inayocheza vizuri faili kubwa zaidi. Sababu ni kwamba kodeki hii huhifadhi picha kamili mara chache tu, na fremu zilizo katikati huandikwa kama tofauti kati yake na jirani zake. Kuangalia moja kwa moja si tatizo, lakini kila unaporuka kwenda mahali papya kompyuta hulazimika kurudi hadi picha kamili ya karibu na kukokotoa yote yanayofuata. Suluhisho ni proksi: nakala nyepesi ambazo programu huzitengeneza na kuzitumia unapokata, kisha huzirudia video halisi wakati wa kutoa faili la mwisho. Kdenlive na Shotcut zote zina huduma hiyo. Iwashe mwanzoni kabisa, uache proksi zote zikamilike, ndipo uanze. Washa pia uhifadhi wa kujiendesha, maana umeme haupigi hodi unapokatika.

Katika kukata, anza na sauti. Mtazamaji husamehe picha yenye kiza lakini haivumilii hotuba isiyosikika, kwa hiyo weka kilele cha sauti ya msemaji kati ya -12 na -6 kwenye kipimo cha desibeli, muziki uwe chini yake kabisa. Kama ulikuwa na kamera mbili, tafuta kwenye mawimbi ya sauti mahali palipopigwa kofi au palipoanza wimbo, ulinganishe hapo. Rangi zirekebishwe kwa kiasi: AVCHD ina biti 8 tu na huhifadhi taarifa za rangi kwa robo ya pikseli zake, kwa hiyo ukumbi wa giza ukiangazwa kwa nguvu utajaa chembechembe na ngozi za watu zitapata mabaka.

Faili la mwisho liwe MP4 ya H.264 yenye sauti ya AAC. Kwa YouTube, kiwango kinachopendekezwa kwa 1080p ni megabiti 8 kwa sekunde kwa fremu 25, na 12 kwa fremu 50. Mteja atakayetazama kwenye televisheni kwa fleshi apewe iliyo chini ya GB 4 au fleshi ya exFAT, kama televisheni yake inaikubali. Kwa WhatsApp tuma kama waraka, si kama video, la sivyo itabanwa upya na kazi yote ya ubora itaishia hapo. Waraka mmoja huruhusiwa hadi GB 2.

Kadi isifutwe mpaka nakala zote mbili zimefunguliwa na mteja amepokea kazi yake. Ikifika wakati huo, iumbizwe ndani ya kamera, si kwenye kompyuta, kwa sababu kamera huijenga upya folda ya PRIVATE na vyote vilivyomo kama inavyovihitaji kwa rekodi inayofuata.