Kupiga mswaki meno ya mtoto, tangu jino la kwanza hadi gego la miaka sita

Jino la kwanza huchomoza mtoto akiwa na miezi sita hivi. Wengine huchelewa hadi mwaka, na si tatizo. Likishaonekana, lianze kupigwa mswaki siku hiyo hiyo. Ile kauli ya "si yataanguka tu" ndiyo inayowaponza watoto wengi. Magego ya utoto hukaa mdomoni hadi miaka 10 au 12, na likioza moja, usaha wake unaweza kuharibu jino la kudumu linalojengeka chini yake.

Nunua mswaki wenye kichwa kidogo na nyuzi laini, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi (madini yanayokinga meno yasioze). Soma tyubu: floraidi iwe angalau 1000 ppm (sehemu 1000 kwa milioni). Kabla ya miaka 3 paka kiasi cha punje ya mchele, na kuanzia 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere. Usijaze mswaki kama kwenye matangazo, maana mtoto mdogo humeza sehemu kubwa, na floraidi ikizidi huacha madoa kwenye meno ya kudumu.

Mlaze kichwa chake mapajani pako, uso ukiangalia juu, mahali penye mwanga. Inua mdomo wa juu kwa kidole. Hapo juu, pale jino linapokutana na ufizi, ndipo ukoga unapojificha na ndipo wazazi wengi hawafiki. Inamisha nyuzi zielekee kwenye ufizi, kisha zungusha taratibu, jino moja moja: nje, ndani, halafu juu ya magego. Dakika mbili zinatosha. Kusugua kwa nguvu hakuongezi usafi, kunachubua fizi tu. Ufizi ukitoa damu kidogo usiache kupiga mswaki, kwani mara nyingi damu hiyo hutokana na ukoga uliokaa. Akishajua kutema, ateme bila kusukutua kwa maji, ili dawa ibaki kwenye meno.

Piga mara mbili kwa siku. Ikibidi uchague moja, chagua ya usiku. Mtoto akilala mate hupungua, na sukari iliyobaki hukaa hapo hapo hadi asubuhi. Kwa hiyo baada ya mswaki wa usiku ni maji tu: siyo juisi kwenye chupa, siyo chai ya sukari, wala uji mtamu. Dawa za kikohozi za maji nyingi zina sukari. Mpe kabla ya mswaki. Mchana pia, pipi moja inayonyonywa saa nzima hudhuru kuliko keki iliyoliwa mara moja wakati wa chakula, kwa sababu kila sukari inapoingia, vijidudu vya mdomoni huigeuza kuwa asidi inayolainisha jino kwa muda.

Mara moja kwa mwezi futa meno ya mbele ya juu kwa kitambaa kikavu, uyaangalie. Mstari mweupe kama chokaa karibu na ufizi ni kuoza kunakoanza. Hapo bado unaweza kurudisha nyuma kuoza huko kwa mswaki na kupunguza sukari. Ukiona rangi ya kahawia na shimo, nenda kwa daktari wa meno.

Kuna jambo la kukemewa wazi. Mtoto akiharisha au kupata homa, wapo wanaosema ana "meno ya plastiki" na kumchokonoa fizi. Kile cheupe wanachokitoa ni chonge changa ambalo bado halijaota. Kidonda chake huingiza vijidudu kwenye damu, na chonge la kudumu linaweza kuharibika. Mtoto anayeharisha anahitaji maji ya chumvichumvi (ORS), zinki na kituo cha afya.

Wanaoishi maeneo ya Bonde la Ufa yenye maji ya floraidi nyingi, kama sehemu za Arusha na Nakuru, wajue kuchemsha hakuiondoi. Mtoto anywe maji ya mvua yaliyokingwa na kuhifadhiwa vizuri, hasa kabla ya miaka 8.

Karibu na miaka 6 huchomoza gego nyuma kabisa, na hakuna jino linalong'oka kulipisha. Wazazi hudhani ni la utoto, kumbe ni la kudumu. Linapochipuka huwa chini kuliko wenzake, hivyo mswaki hulipita juu. Uingize kutokea ubavuni, na endelea kumsaidia hadi afike miaka 7 au 8. Gego likishatoka lote, mwombe daktari wa meno aangalie mifereji iliyo juu yake. Ikiwa na kina, anaweza kuiziba kabla haijaoza.