Mwanafunzi mgeni na ibada za nyumbani

Kwa wenye nyumba kama yetu hapa Tanga, baba Mwislamu na mama Mkatoliki, mnaopokea mwanafunzi wa mabadilishano: msimuulize mlangoni, mkiwa mmeshavaa, kama atakwenda kanisani. Kijana wa miaka 16 kutoka Ujerumani hana ubavu wa kumkatalia mwenyeji wake. Ataitikia, kisha atanuna hadi jioni. Muulizeni usiku wa kuamkia, tena mpeni mambo mawili yenye uzito sawa: “Kesho asubuhi mama anakwenda misa, baba anakwenda sokoni kununua samaki. Utafuatana na nani?” Hapo akiacha misa hajaikataa familia, na anayebaki anakuwa na mwenzake, kumwacha peke yake na simu ni kama adhabu. Ijumaa na sikukuu ni vivyo hivyo.

Mbinu hii haifui dafu mwezi wa Ramadhani, maana saa za nyumba nzima zimehama. Mwaka 2026 ilianza wiki moja na Kwaresma, Februari, kila upande na mfungo wake. Hapo mwonyesheni tu wali wake ulipo chini ya kawa, ale mchana bila kujificha. Akitaka kufunga, wazazi wake waambiwe kwanza.

Na bibi aongeleshwe mapema. Akishasema “twende, mjukuu wangu,” hakuna cha kuchagua tena.