Msamiati wa juu wa Kiingereza: jinsi ya kujifunza fasili zikakaa

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye Kiingereza cha kila siku hakimpi shida. Anauza na kununua, anajaza fomu, anaelewa tangazo la redio. Kinachomkwamisha ni tahariri ya gazeti kama Daily Monitor la Uganda, hukumu ya mahakama, swali la somo la General Paper kwenye UACE, mtihani wa kumaliza sekondari ya juu Uganda, au barua ya kuomba kazi. Wengi wakifika hapo hukariri orodha: neno la Kiingereza kushoto, tafsiri ya neno moja kulia. Baada ya wiki mbili wanalitambua neno wakilikuta, lakini wakilitumia wanachapia, kwa sababu hawakujifunza fasili. Fasili kamili ina mambo matatu: neno ni la kundi gani, linatofautianaje na wenzake wa kundi hilo, na huandamana na maneno gani.

Hatua ya 1: Pima msingi wako

Chukua ukurasa wa gazeti la New Vision, hesabu maneno mia moja mfululizo, kisha weka alama kwenye kila usilolijua. Majina ya watu na mahali usiyahesabu. Alama zikizidi tano, ahirisha msamiati wa juu na usome maandishi mepesi kwa miezi michache. Si adhabu hiyo: fasili zenyewe zimeandikwa kwa maneno ya kawaida, na asiyeyamiliki hayo atakuwa anafungua kamusi ili aelewe kamusi.

Hatua ya 2: Chagua maneno, na uyachague kwa ubahili

Pa kuanzia pazuri ni Academic Word List, orodha iliyotolewa na Averil Coxhead wa New Zealand mwaka 2000. Ina familia 570 za maneno (neno pamoja na maumbo yake) yanayojirudia sana katika maandishi ya kitaaluma, nje ya yale 2,000 ya kawaida, na inapatikana bure mtandaoni. Imegawanywa katika vifungu kumi vinavyoanza na yanayotokea mara nyingi zaidi, kwa hiyo fuata mpangilio wake.

Ongeza maneno ya fani yako. Wa sheria asome hukumu kwenye ULII, tovuti ya sheria na hukumu za Uganda. Wa siasa na uandishi wa habari asome Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Neno liingie kwenye orodha yako likishakutana nawe mara mbili katika maandishi tofauti. Sharti hilo linachuja maneno ya kutambia ambayo hutayaona tena mwaka mzima.

Kiasi: maneno matano kwa siku, siku tano kwa wiki. Jumamosi na Jumapili ni marudio tu. Kwa mwendo huo orodha ya Coxhead inaisha kwa wiki 23 hivi. Anayeanza na maneno ishirini kwa siku huachia njiani, kwa kuwa marudio hurundikana hadi yanamshinda.

Hatua ya 3: Tumia kamusi ya wanafunzi wa Kiingereza

Kamusi kubwa za wenyewe Waingereza hazikufai kwa kazi hii. Nyingine hueleza "obstinate" kwa kusema "stubborn", kisha ukifungua "stubborn" unarudishwa "obstinate". Kamusi ya Longman ya wanafunzi huandika fasili zake kwa maneno 2,000 hivi tu yaliyochaguliwa. Za Oxford na Cambridge za wanafunzi nazo zina utaratibu wa namna hiyo. Zote tatu zinasomeka bure mtandaoni, zina sauti ya matamshi, na zina sentensi za mfano, ambazo ndizo nusu ya thamani yake.

Hatua ya 4: Pasua fasili

Hii ndiyo kazi yenyewe, na usiifanye kwa haraka. Tuchukue "mitigate".

Kundi: ni kitenzi cha kupunguza. Hapo wengi hufunga kamusi, kisha huandika "mitigate the price" au "mitigate the speed". Yote mawili hayasemwi, kwa sababu hawakufika kwenye tofauti: kinachopunguzwa lazima kiwe kibaya, yaani madhara, hatari, ukali au hasara. Bei na mwendo kasi si vibaya kwa asili yake.

Maandamano, yaani maneno ambayo neno huandamana nayo: "mitigate the effects of drought", "mitigate the risk". Mahakamani utakuta "mitigating factors", sababu ambazo wakili huzitaja ili mteja wake apunguziwe adhabu, na kinyume chake "aggravating factors". Misamiati yote miwili imo katika miongozo ya utoaji adhabu ya mahakama za Uganda ya mwaka 2013, kwa hiyo ni maneno yanayofanya kazi hapahapa.

Sarufi: kitenzi hiki huchukua yambwa (kinachotendwa) moja kwa moja, bila kihusishi katikati. Ukiona mtu ameandika "mitigate against", alikuwa anatafuta "militate against", ambalo ni kuwa kizuizi cha jambo. Kosa hilo limeenea hata kwa waandishi wa siku nyingi.

Sasa funika kamusi na uandike fasili kwa maneno yako, sentensi moja isiyozidi maneno kumi na tano. Ukiweza kwa Kiingereza, vizuri. Ukikwama, andika kwa Kiswahili, lakini iwe sentensi nzima, si neno moja. Kisha linganisha. Kama fasili yako ingelifaa pia neno "reduce", basi tofauti hujaiona bado; rudi.

Kwa neno moja kazi hii huchukua dakika nne hadi tano. Dakika ishirini na tano kwa siku zinatosha.

Hatua ya 5: Tengeneza kadi

Karatasi ya manila kutoka duka lolote la vifaa vya shule, ikatwe vipande vya sentimita 7 kwa 10. Mbele andika sentensi yenye pengo na herufi ya kwanza: "The lawyer listed several m______ factors." Nyuma andika neno, fasili yako, maandamano mawili, na silabi inayokazwa. Usiweke neno mbele na maana nyuma. Kadi ya namna hiyo inakufundisha kutambua tu, na wewe unataka kulitoa neno mwenyewe.

AnkiDroid, programu ya kadi za kujifunzia, inafanya kazi hiyohiyo kwenye simu, bila malipo na bila intaneti ukishaipakua. Mwenye umeme wa kukatikakatika asidharau karatasi.

Hatua ya 6: Sanduku la vyumba vitano

Utaratibu huu aliueneza Sebastian Leitner mwaka 1972. Kadi mpya huingia chumba cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Ukipata jibu, kadi husogea: chumba cha pili kila baada ya siku 3, cha tatu kila wiki, cha nne kila wiki mbili, cha tano kila mwezi. Ukikosa, inarudi cha kwanza hata kama ilikuwa imefika cha tano. Chumba cha kwanza kikizidi kadi 40, simamisha maneno mapya hadi zipungue. Na jibu la "nilikuwa nalo mdomoni" ni kukosa.

Hatua ya 7: Mitego ya huku kwetu

Kwa aliyekulia katika Kiganda, L na R hubadilishana kwa urahisi, na katika msamiati wa juu hilo linagusa maana. "Collaborate" ni kufanya kazi pamoja; "corroborate" ni kuunga mkono ushahidi uliokwisha kutolewa. Shahidi wa pili akisemwa ame-"collaborate" badala ya ku-"corroborate", anasikika kama mshirika katika njama. Kadi za jozi za namna hii zisomwe kwa sauti, ukisikiliza kamusi.

Ndugu zetu wa Congo walioko makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali au Kampala waangalie maneno yanayofanana na ya Kifaransa. "Eventually" ni hatimaye, si huenda. "Actually" ni kwa kweli, si kwa sasa. Hatari zaidi ni "demand": kwa Kiingereza ni kudai kwa nguvu, kwa hiyo barua ya maombi iliyoandikwa "I demand assistance" inasomeka kama amri. Andika "request".

Kuna pia Kiingereza cha Uganda: "balance" kwa chenji, "extend" kwa kusogea, "branch" kwa kukata kona. Kinaeleweka na kina nafasi yake, sioni haja ya kukionea haya. Kwenye kadi andika tu "UG" pembeni ili usikipeleke kwenye mtihani.

Mwisho, maneno yenye maana mbili zinazopingana. "Oversight" ni usimamizi, na pia ni jambo lililosahaulika kwa bahati mbaya. "Table a motion" katika Bunge letu, kama Uingereza, ni kuiwasilisha hoja. Marekani ni kuiweka kando. Kila maana ipewe kadi yake.

Hatua ya 8: Tumia kila wiki, kisha jipime

Kila Ijumaa andika aya ya maneno 120 juu ya habari ya wiki, ukitumia angalau manane kati ya maneno 25 mapya. Kwa kila sentensi tafuta mfano wa kamusi unaofanana nayo, usipoupata, ibadilishe.

Kila mwisho wa mwezi chomoa kadi 20 kutoka vyumba vya nne na tano bila kuchagua. Tunga sentensi mpya kwa kila moja, si ile iliyoandikwa mbele. Ukipata pungufu ya 15, mwezi unaofuata jifunze maneno matatu kwa siku badala ya matano. Na kadi usiyoweza kuitungia sentensi irudi chumba cha kwanza, hata kama fasili yake unaijua kwa moyo.