Betri Mpya Imekufa? Usikimbilie Kununua Nyingine

Kwa joto la Dar, betri nzuri ya gari dogo naitegemea miaka miwili na nusu, ikipata bahati mitatu. Ikizima kabla ya mwaka kuisha, mara nyingi kuna kitu kimeiua, na kitu hicho bado kimo ndani ya gari kinasubiri betri utakayonunua kesho. Ndiyo maana mteja akija hapa gereji Tabata na kuniambia "fundi, nifungie mpya", mimi huchukua mita ya kupimia umeme kwanza.

Na wewe tafuta mita. Si lazima iwe ya gharama, hizi za kawaida zinazouzwa Kariakoo zinatosha. Iweke kwenye volti za DC, usomaji wa 20, kisha pima asubuhi gari likiwa limelala usiku kucha: waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Ukisoma 12.6 au zaidi, betri imejaa. 12.2 iko nusu. Chini ya 12 imeishiwa chaji, na kuishiwa chaji si kufa. Ichajiwe taratibu usiku mzima kwa chaja ya ampea nne au tano, halafu ipumzike saa kadhaa ndipo uipime tena. Ikirudi 12.6 na kesho yake bado iko hapo hapo, betri yako ni nzima, tatizo liko kwenye gari. Ikigota kwenye 10.5 hivi, kuna seli moja imekufa kati ya zile sita, na hiyo haina dawa, hata wakikwambia wataimwagia asidi mpya.

Hapa niseme jambo moja. Kuwasha gari kwa kubusti na kuliacha lingurume dakika kumi getini hakujazi betri. Alteneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini, kazi yake ni kurudisha kile kidogo ambacho stata, mota ya kuwashia injini, imekula, siyo kufufua betri iliyolala tupu wiki nzima. Na betri inayoachwa tupu kwa wiki, sahani za risasi zilizo ndani yake hujijenga ukoko wa sulfeti ambao baadaye hautoki. Nyingi ninazoziona zimekufa mapema zimekufa hivyo: mwenye gari amesafiri kwenda Moshi Desemba, amerudi Januari katikati, gari halijaguswa.

Sasa washa gari upime tena. Mita ikae kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Washa taa kubwa, AC na feni hadi mwisho. Ikishuka chini ya 13, angalia mkanda wa alteneta kama umelegea au uso wake umeng'aa kama kioo, kisha alteneta yenyewe. Ikipanda kupita 15, kidhibiti cha volti kimeharibika na betri inachemka. Utasikia harufu ya mayai viza ukifungua boneti. Magari mapya mapya huwa yanashusha chaji yenyewe ili kuokoa mafuta, kwa hiyo usihukumu alteneta kwa usomaji mmoja tu.

Kuna mafundi wanaopima alteneta kwa kuchomoa waya wa betri huku injini ikiwaka. Ukimwona mtu anafanya hivyo kwenye IST yako, mwombe aache. Volti hupanda ghafla bila betri ya kuzipokea, na kinachoungua ni kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini. Hiyo bei yake inanunua betri kadhaa.

Alteneta ikiwa nzima, basi gari linakula chaji likiwa limezimwa. Hili ndilo linalowasumbua watu zaidi, na mara nyingi chanzo ni kitu kilichofungwa baadaye: alamu, kifaa cha kufuatilia gari, redio yenye skrini kubwa ambayo aliyeifunga aliunga waya wake moja kwa moja kwenye betri. Kumtafuta mwizi huyo kunataka subira. Zima kila kitu, ondoa ufunguo, fungua waya wa hasi, kisha chomeka waya mwekundu wa mita kwenye tundu lake la ampea 10, geuza mita kwenye ampea, na uiunge katikati ya waya huo wa gari na betri. Usithubutu kupiga stata mita ikiwa hapo, fyuzi yake itakatika. Funga milango na usubiri nusu saa ili kompyuta za gari zilale. Ukisoma mapema utaona namba kubwa na kuogopa bure. Kawaida ni chini ya 0.05. Ukiona 0.5, piga hesabu: nusu ampea kwa saa 24 ni ampea-saa 12, na betri ya 45 siku ya pili iko karibu nusu. Anza kuchomoa fyuzi moja moja huku ukiangalia mita. Ile itakayoishusha ndiyo inayolisha mwizi. Siku moja nilizunguka sana kwenye Noah, kumbe ni taa ya buti haizimiki kwa sababu swichi yake imejaa vumbi.

Vichwa vya betri visivyokaza, au vilivyoota unga mweupe na kijani, navyo huzuia chaji isiingie. Vioshe kwa maji ya moto yenye magadi, futa, kaza, paka grisi kidogo. Mabano nayo yakaze, maana kwa barabara zetu betri inayochezacheza sahani zake hubomoka. Kama betri yako ina vifuniko vya kufungua na maji yamepungua, ongeza maji ya betri yasiyo na asidi, basi.

Ikithibitika kuwa imekufa na gerentii haijaisha, peleka na risiti dukani ukiwa na namba zako. Ukiwaambia "nimeichaji usiku kucha ikabaki 10.5, na alteneta inatoa 14.2", mazungumzo huwa mafupi. Ukinunua nyingine, soma maandishi ya ile ya zamani. Kwenye 46B24L, 24 ni urefu kwa sentimita, na herufi ya mwisho inaonyesha upande vilipo vichwa vya betri. Ukichukua R badala ya L waya hazitafika. Gari linalozima injini lenyewe kwenye mataa linataka betri ya aina yake, zenye alama kama M-42 au Q-85, ukiliwekea ya kawaida itakufa mapema tena. Angalia pia tarehe ya kutengenezwa. Betri iliyokaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa ni mzee aliyevaa nguo mpya.

Wakati wa kufungua, anza na hasi. Wakati wa kufunga, hasi iwe ya mwisho. Ile mbovu mpe mwenye duka akupunguzie bei, na asidi yake isimwagwe mtaroni. Kule Owino Uhuru, Mombasa, watu walipata sumu ya madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Uliza dukani wanazipeleka wapi.